Nyumba Yajengwa, Wenyewe Hawakuulizwa

Ndugu msomaji, kiko kitabu ambacho napenda kila Muislamu wa pwani anayekusudia kujenga akisome, au asomewe na mwanawe, kabla hajachimba msingi. Na yamo ndani yake mambo ambayo napenda akiyafikia asiyakubali upesi. Ni kitabu cha Hassan Fathy, msanifu wa majengo wa Kimisri, aliyezaliwa Iskandaria mwaka 1900 na akafariki mwaka 1989. Kilitoka kwanza Cairo mwaka 1969, kisha kikachapishwa Chicago mwaka 1973 kwa jina lililokipa umaarufu, Architecture for the Poor, yaani ujenzi kwa ajili ya mafukara.

Nakizungumza sasa, miaka mingi baada ya kutoka kwake, kwa sababu ya nyumbani. Mwezi wa Shaabani mpwa wangu, aliye kazini Ghuba huu mwaka wa kumi na moja, alikuja likizo na karatasi kubwa mbili zilizoviringishwa ndani ya bomba la plastiki. Ilikuwa ramani ya nyumba. Alininyoshea kwa mikono miwili kama mtu anayeleta posa. "Shikamoo mjomba. Mama amesema uitazame wewe kwanza, ndipo nianze." Nikamwuliza ni nani aliyeichora. Akasema ameinunua tayari kwa mchoraji mmoja wa mjini mwenye daftari la picha. Mtu hufungua, huchagua, hulipa, hujiondokea. Nikamwuliza: na huyo mchoraji alikuuliza nini? Akafikiri kidogo. "Aliniuliza vyumba vingapi, mjomba, na kiwanja kina futi ngapi."

Basi, maswali mawili. Mtu akenda kwa fundi wa cherehani kushonewa kanzu ya Idd huulizwa zaidi ya hayo, na kanzu ikimbana mwakani atampa mdogo wake. Nyumba hii itakula jasho la miaka kumi na moja, na ikimbana hana wa kumpa.

Usiku ule nilikitoa kitabu cha Fathy sandukuni nikakisoma tena, safari hii ramani ikiwa imetandazwa kando yake. Na hapa nasema niliyoyaona, katika kitabu na katika ramani, kwani kila kimoja kilinionyesha aibu ya mwenzake.

Habari yenyewe kwa ufupi ni hii. Ng'ambo ya magharibi ya mto Nile, mkabala na mji wa Luxor, walikuwako watu wapatao 7,000 wakikaa Gourna, juu ya makaburi ya wakubwa wa Misri ya kale, na wengi wao riziki yao ilitoka humo humo makaburini, kwa kuchimba na kuuza vya kale. Katikati ya miaka ya 1940 idara ya mambo ya kale ikakata shauri kuwahamisha, na Fathy akapewa kazi ya kuwajengea kijiji kipya kwenye ardhi ya kilimo huko chini. Chuma, saruji na mbao zilikuwa adimu na ghali kwa ajili ya Vita Vikuu vya Pili. Lakini miaka michache kabla ya hapo, upande wa Aswan, Fathy alikuwa amewaona mafundi wa Kinubi wakiezeka nyumba kwa matofali ya udongo mbichi: huyaegemeza safu moja juu ya nyingine kwenye ukuta wa mwisho mpaka yakafunga tao, bila ya ubao hata mmoja wa kushikilia kwa chini. Akawachukua mafundi hao. Wakajenga msikiti, soko, skuli, hata ukumbi wa michezo, na nyumba zenye nyua zao. Mwaka 1948 kazi ikawa imekwama na kijiji hakijamalizika, na wengi wa wale waliojengewa hawakutaka kuhamia.

Watu wengi wanaokisifu kitabu hiki hukisifu kwa udongo. Husema, tazameni, mtu aweza kujenga kwa bure kwa mchanga wa shambani mwake! Mimi naona udongo ndio jambo dogo kabisa kitabuni. Udongo wa Misri hauwezi masika ya Mombasa, na mwenye akili hatahitaji kuambiwa. Jambo kubwa ni kule kushikilia kwake kwamba nyumba haiwi nyumba mpaka wakutane watu watatu na kusikilizana: mwenye kukaa, mwenye kuchora, na fundi mwenye kujenga. Akitoka mmoja, nyumba hupinda. Fathy aliwachukia sana wakubwa wa ofisi waliochora nyumba moja kisha wakairudufisha mara mia, kana kwamba familia mia ni mtu mmoja aliyesimama mbele ya vioo mia. Yeye alitaka kila nyumba ya Gourna ipimwe kwa watu wake: wangapi, wana mifugo gani, jirani yao ni nani, na wageni wao huingia vipi. Kwa hili peke yake kitabu chastahili bei yake mara kumi. Daftari la picha la mchoraji wetu ni ile ile nyumba ya ofisini aliyoichukia Fathy, ila imepakwa rangi na kuuzwa kwa mtu mmoja mmoja, na mnunuzi akitoka pale huamini kwamba amejichagulia.

Sasa nije kwenye aibu ya kitabu chenyewe.

Fathy asema kweli kwamba wanawake wa Gourna hakuweza kuwauliza. Mila ya pale iliwaficha, na yeye mwanamume mgeni hakuwa na njia. Amelitaja jambo hili kwa masikitiko, na twamshukuru kwa ukweli wake, wengine wangelificha. Lakini akishalitaja, apita. Anaendelea kuchora meko, anaendelea kuchora mahali pa kuoga na mahali pa kuanikia, akikisia. Na akifika kwenye maji, kalamu yake yateleza vibaya mno. Anasitasita kuyapeleka maji katika kila nyumba, kwa hoja kwamba mwendo wa kisimani ndiyo matembezi ya mwanamke, ndipo anapoonana na wenzake, na ndipo msichana anapoonekana na watu wenye kutafuta mke. Ndugu msomaji, hoja hii ina harufu ya mtu ambaye hajawahi kubeba ndoo. Hapana ubaya mwanamke kutembeleana na wenzake. Ubaya ni kumpa matembezi hayo juu ya kichwa, akiwa na mimba ya miezi saba. Laiti angelimpata mwanamke mmoja wa makamo wa kumwuliza, mjane mmoja au bibi wa mmoja wa mafundi, sentensi hiyo isingelikuwako.

Na sisi je? Fathy alizuiliwa na mila ya watu. Mpwa wangu hakuzuiliwa na kitu. Mkewe yuko Mombasa, mama yake yuko Mombasa, simu anayo mkononi, na wala hakuwauliza. Ramani alikuwa ameiona babake mdogo, na rafiki zake wawili wa kazini, na dereva. Mimi nilikuwa wa tano, na wa tano mwanamume.

Hapa ndipo watu wetu huniambia: basi mbona hukuchukua nyumba ya Kiamu ukaifanya mfano? Wazee wetu walijua kujenga. Ni kweli walijua. Mimi nimeingia katika nyumba zile za mawe mara nyingi, tangu nilipokuwa mtoto nikipelekwa maulidi, na yeyote asiyepata kuingia na asome utafiti wa Usam Ghaidan uliochapishwa Nairobi mwaka 1975, ambao umezipima chumba kwa chumba. Unatoka katika uchochoro uliojaa kivuli, unapanda daka lenye baraza mbili za mawe, na hapo mwenye haja ya maneno mawili husema nayo akaenda zake, bila ya kumsumbua mtu. Mwenye haja zaidi hupita mlangoni akaingia tekani, na pale njia humpinda. Hauoni ua. Jicho lako limekata kona kabla ya mguu wako, na aliye ndani amepata nafasi ya kujitanda mtandio wake. Ndipo kiwanda, kilicho wazi juu, kikiingiza nuru na upepo. Kisha msana, tena msana wa pili, na sakafu ikipanda kidogo kila uingiapo, mpaka ndani, kwa bibi mwenye nyumba, kwenye zidaka za chokaa iliyochongwa. Mgeni wa kiume hakufika huko. Yeye alikuwa na sabule, chumba chake karibu na mlango.

Na nyuma ya ndani kiko chumba ambacho watalii hawakielewi, nacho ni nyumba ya kati. Humo mwanamke alijifungua. Humo maiti alioshwa. Watu wale walipochora nyumba yao walikumbuka kwamba mtu huingia duniani na hutoka, na kwamba siku mbili hizo hazitaki kufanyiwa ukumbini. Kwenye choo kulikuwa na birika la maji, na chini yake mara nyingi limejengewa bakuli la kaure la Kichina, na ndani ya maji samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Sijaona mhandisi wa leo aliyetatua jambo la mbu kwa gharama ndogo kuliko hiyo.

Lakini sitaki kuongeza maneno matamu mpaka nikasema uongo. Nyumba zile zilikuwa za waungwana. Aliyevunja matumbawe, aliyechoma chokaa, aliyebeba boriti, na aliyepandisha maji mpaka jikoni juu ya paa, mara nyingi alikuwa mtumwa, na yeye hakulala ndani ya zidaka. Watu wengi wa mji huo huo walikaa nyumba za udongo na makuti. Kwa hiyo mtu anayesema "nyumba ya babu zetu" na amwulize kwanza bibi yake ni babu yupi. Mji wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na tangu kabla ya hapo nyumba nyingi za mawe zimenunuliwa na wageni wenye fedha, ambao wamezitengeneza vizuri, na katika baadhi yao nyumba ya kati sasa ni bafu lenye maji moto. Sina ugomvi nao. Nasema tu kwamba nyumba yaweza kuhifadhiwa jiwe kwa jiwe na ikatoka maana yake yote.

Tena hata tukitaka, hatuwezi kuijenga vile. Upana wa vyumba vile, kiasi cha mita mbili na nusu hivi au kuzidi kidogo, haukuchaguliwa na mtu. Ulichaguliwa na boriti, kwani mti wa mkoko haubebi dari zaidi ya hapo. Mikoko tumeimaliza kwa kuikata na kuipakia majahazi kwenda Arabuni, mpaka Kenya ikapiga marufuku kuiuza nje mwaka 1982. Matumbawe laini yalitolewa baharini, na leo tunajua kwamba mwamba ukifa samaki huondoka. Mfano tunaotaka basi si jiwe lake. Ni ile kona ya tekani, na ile nyumba ya kati.

Nikairudia ramani ya mpwa wangu na macho hayo.

Mlango wa mbele wafunguka moja kwa moja sebuleni. Neno ni lile lile la sabule, lakini tazama lilikofika: sabule ya Amu ilimweka mgeni mlangoni ili nyumba iendelee na mambo yake, sebule ya ramani hii iko katikati, na kila mtu atokaye chumbani kwenda choo, au jikoni, au uani, hana budi apite mbele ya mgeni. Mlango wa chumba cha mwenye nyumba na mkewe waitazama kochi. Jikoni hakuna ukuta, ni meza ndefu tu, kama mkahawa. Mwenyezi Mungu katika Surat an-Nur ametufunza tusiingie nyumba za watu mpaka tubishe hodi na kuwasalimu wenyewe, na katika sura hiyo hiyo akataja nyakati tatu ambazo hata watoto na watumishi wa ndani wabishe hodi: kabla ya alfajiri, adhuhuri watu wavuapo nguo, na baada ya isha. Mimi si mufti. Lakini najua kusoma ramani, na katika ramani hii hodi haina pa kupigwa ila pale nje. Ukishaingia, umeingia kote.

Nilimwambia hayo. Akajibu, na jibu lake si la kipumbavu: "Mjomba, wageni wangu ni nani? Ni ndugu zangu." Kweli. Na mkewe, akitaka kupika bila ya mtandio nao wamekaa mpaka saa tano ya usiku, atapika wapi? Akanyamaza.

Vyoo vitatu. Viwili vyaelekea kibla sawasawa, kimoja chaipa mgongo. Hapa pwani jambo hili lina wepesi wake, kwa kuwa Makka kwetu iko kaskazini takriban kamili, ukiwa Unguja, Mombasa au Lamu; ukigeuza choo kikatazama mashariki au magharibi, umetoka katika shaka. Hadithi ya Abu Ayyub al-Ansari juu ya kutokielekea kibla wala kukipa mgongo wakati wa haja ni mashuhuri, na yeye mwenyewe asimulia kwamba walipofika Sham wakakuta vyoo vimeshajengwa kuelekea kibla, wakawa wanajipinda na kuomba maghufira. Ni kweli kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi maulamaa wamesema kwamba ndani ya jengo lililozingirwa si haramu, na sipendi kumtia mtu hofu kwa alichojengewa zamani. Lakini huyu hajajenga. Kalamu ya risasi na mpira wa kufutia vyatosha. Kwa nini ajipinde miaka arubaini kwa kitu kinachofutika leo?

Kuna jambo moja la Fathy ambalo mafundi wetu wote wangepaswa kulisoma, nalo ni hesabu yake ya upepo na jua. Alilieleza zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya ujenzi wa kienyeji na nguvu za maumbile, ambamo anasifu malqaf, bomba la juu ya paa linaloukamata upepo na kuuteremsha chumbani. Sisi hatuna haja ya malqaf. Tuna kusi na tuna kaskazi, na kila mtoto wa mvuvi ajua vinatoka wapi na miezi gani. Nyumba ya hapa hutaka urefu wake ulale mashariki kwa magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni likute ubavu mfupi, na madirisha yatazamane ili upepo ukiingia upate pa kutokea. Ramani ya mpwa wangu imefanya kinyume cha haya yote kwa ustadi wa ajabu. Ubavu mrefu watazama magharibi, na ubavu huo ni kioo tangu sakafu mpaka dari. Vyumba vya kulala vina dirisha moja moja. Kuta ni matofali ya saruji ya inchi sita, ilhali ukuta wa Amu ulikuwa nusu mita hivi na joto la mchana lilichoka kabla halijafika ndani. Dari ni zege tupu chini ya jua, litakaloota moto mpaka magharibi na kuutapika usiku kucha. Nikamwuliza picha hii ya daftarini ilitoka nchi gani. Hajui. Mimi nadhani ni ya mahali ambapo watu hulitafuta jua.

Atatia mashine za kupoza hewa, akasema. Na umeme ukikatika? Na bili, ukisharudi kutoka Ghuba na mshahara umebaki huko?

Mambo ya mafundi nayapita upesi, kwa kuwa kila aliyejenga anayajua kwa uchungu wake. Mchanga wa ufuoni usiingie kwenye zege, una chumvi na chumvi hula nondo. Nyufa za kutu utaziona watoto wakiwa bado skuli. Zege linyweshwe maji siku saba kwa uchache, wala fundi asikwambie limekauka. Shimo la choo liwe mbali na kisima, chako na cha jirani. Ardhi yetu ni ya matumbawe yenye mianya, na maji machafu hupita humo kama yamefunguliwa mlango. Na hati ya kiwanja isomwe kabla ya yote, hususan Mombasa, ambako watu wengi wana nyumba bila ya kuwa na ardhi, hulipa kodi ya kiwanja, na mtu akijenga ghorofa juu ya ardhi ya mwenzie huwa amejenga kesi.

Narudi kwa Fathy mara moja tena, kwa kuwa nimemlaumu kwa wanawake na sitaki kumdhulumu. Watu wengine humlaumu kwa kuba. Husema alitia makuba juu ya nyumba za kukaa, na wanakijiji wakayaona kama ya makaburi ya mawalii, na ndiyo sababu hawakuhamia. Mimi siitegemei sababu hiyo. Mtu ambaye riziki yake imo chini ya sakafu yake hatahama kwa ajili ya paa, liwe kuba au liwe bapa. Kosa la Gourna lilikuwa la mbele zaidi: watu waliulizwa watakaa vipi, hawakuulizwa kama wanataka kuhama wala watakula nini wakihama. Fathy alipewa kazi iliyokwisha haribika, akaifanya kwa mapenzi yote, na kitabu chake, ukikisoma kwa makini, ni cha mtu aliyeshindwa na aliyekataa kufanya hiyana na kushindwa kwake. Mwaka 1980 Aga Khan alimpa tuzo ya pekee kwa kazi ya umri wake. Nafurahi alipewa. Lakini ningependa zaidi angelipata yule mwanamke mmoja wa kumwuliza.

Basi mimi nilifanya alichokikosa. Siku ya Ijumaa baada ya sala nilikwenda kwa dada yangu, nikaitandaza ramani juu ya mkeka uani, nikamwita na mke wa mpwa wangu. Dada akavaa miwani. Kwanza alicheka, kwa kuwa chumba chake kimewekwa ghorofani na magoti yake, kila mtu ajua, hayapandi hata ngazi ya basi. "Anataka nikae juu kama njiwa," akasema. Kisha akauliza nguo zitaanikwa wapi. Hapakuwa na pa kuanika. Akauliza mchele, nazi na makaa ya Ramadhani vitawekwa wapi, na sufuria za harusi, na watu wa maulidi, wanawake wakiwa arubaini, watakaa upande gani na wanaume upande gani. Nikawa naandika pembeni kwa kalamu ya risasi.

Mke wa mpwa wangu alikaa kimya muda mrefu, akiifuata mistari kwa kidole. Nikamwambia, mwanangu, sema, hii ni nyumba yako. Akasema, "Mjomba, mimi hakuna aliyeniuliza, basi sikufikiri." Halafu akafikiri, na alipoanza hakunyamaza. Alitaka ukuta wa jikoni, na mlango wa jikoni uende uani. Alitaka chumba kimoja cha chini chenye choo chake, cha mama sasa, na baadaye cha yeyote atakayekuwa mgonjwa. Alitaka dirisha la jikoni litazame pale watoto wanapocheza. Kisha akatazama huku na huku akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama anaona haya kulitaja mbele ya mkwewe: "Na maiti, mjomba? Marehemu baba tulimwoshea ukumbini, tumeziba madirisha kwa shuka." Dada yangu hakusema kitu. Akaweka kidole juu ya kile chumba cha chini chenye choo, akakiacha hapo.

Mpwa wangu alirudi kwa mchoraji na karatasi yangu iliyojaa maandishi ya risasi. Mchoraji alimwambia kubadilisha kuna gharama yake, karibu nusu ya bei ya kwanza, na kwamba wateja wengine hawana maneno mengi hivyo. Akalipa. Vyoo vimegeuzwa. Mlango wa mbele sasa waingia kwenye kipenu chenye baraza moja, na njia yapinda kabla ya kufika ndani. Sebule imesogezwa mbele na jikoni limepata ukuta wake. Chumba cha dada kiko chini, chenye sakafu ya mteremko na tundu la kutolea maji, na mchoraji, hata leo, hajui ni kwa nini mteja alilitaka tundu lile.

Msingi utachimbwa inshallah baada ya masika. Dirisha la kioo la magharibi bado tunaligombania.